Asili ya lini?

Kile choo nilikizungushia wino mwekundu kabla sijakiona kwa macho.

Mchoro tulikuwa tumeutandaza juu ya pipa katikati ya ua, tukauinamia watu watatu: mhandisi, kijana wa kushika futi, na mimi niliyeuchora. Nyumba ni ya kale, ya ghorofa mbili, kuta zake za mawe na chokaa zina unene wa mkono mzima, nayo imejengwa kuuzunguka ua mmoja wa mraba. Aliijenga mfanyabiashara mmoja kwa ajili yake na jamaa zake. Siku ile tulihesabu humo kaya 11. Kwenye pembe ya ua kulikuwa na kijumba cha matofali ya saruji chenye paa la bati, choo na bafu kwa pamoja. Pembeni ya duara langu jekundu nilikuwa nimeandika: "Si cha asili. Kiondolewe."

Bibi mmoja aliyekuwa akianua nguo alisogea. Nilidhani hajui kusoma ramani ya nyumba. Akaweka kidole palepale kwenye wino.

"Hiki ni choo chetu."

"Ndiyo, bibi. Ila si cha asili. Tunataka kuurudisha ua katika hali yake ya asili."

Akautazama mchoro, akanitazama mimi.

"Asili ya lini, mwanangu?"

Mhandisi alicheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta njia ya kupita. Tukaukunja mchoro, tukaenda kupima ngazi.

Hii ni wiki ya sita. Ngazi nimeisahau.

## Macho yanayofuta

Niseme wazi nilikuwa upande gani. Mimi ni mtu wa majengo ya kale. Naweza kusimama nusu saa natazama jinsi fundi wa zamani alivyoikutanisha boriti na ukuta. Nikiingia kwenye ua kama ule, macho yangu huanza kufuta yenyewe. Yanafuta bati. Yanafuta kamba za nguo, matangi ya maji, ukuta wa mbao uliogawa ukumbi vipande vinne. Kinachobaki ni matao na kivuli. Hicho ndicho nilichokuwa nikikichora miaka yote hii na kukiita "hali ya asili".

Sasa hali hiyo ina mwaka wake. Sikuwahi kuuandika popote, lakini upo: ni mwaka ambao nyumba nzima ilikuwa ya tajiri mmoja na watumishi wake walilala chini ya ngazi. Asili niliyokuwa nikiitafuta ni asili ya mtu mmoja. Hizi kaya 11, ambazo ukizifuata vizazi vyake zimekaa humo muda mrefu kuliko ukoo wa tajiri mwenyewe, kwangu zilikuwa vumbi juu ya picha.

Mji wenyewe sitautaja. Kazi haijaisha, na maneno ya watu bado ni ya watu. Hata hivyo, aliyewahi kufanya kazi katika mji wowote wenye kuta nene anaijua nyumba hii. Wenye mali walihamia vitongoji vipya, nyumba zikabaki, wakaingia waliokuwa wakitafuta mahali karibu na kazi. Chumba kikagawanywa, kisha kipande kikagawanywa tena. Juu ya paa pakaota vibanda, na kwenye kiwanja cha nyumba iliyoanguka vikaota vingine. Kwenye faili tunaviita makazi holela, ingawa ndani yake kila msumari una mtu aliyeupigilia na sababu ya kuupigilia.

## Ibara ya 11

Kinachonikera zaidi ni kwamba swali la bibi lilikwisha jibiwa kabla sijazaliwa, na jibu nilikuwa nalo.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale ambao watu wa kazi yetu tunaunukuu kama msahafu, unasema katika ibara ya 11 kwamba michango halali ya kila zama katika jengo iheshimiwe, kwa sababu kulifanya jengo lote liwe la mtindo mmoja si lengo la ukarabati. Ibara hiyohiyo inaongeza kwamba uamuzi wa kipi kiondolewe usibaki mikononi mwa yule mmoja anayesimamia kazi.

Nimeisoma mara ngapi? Nimewahi hata kuifundisha. Nikisema "kila zama" mbele ya vijana, kichwani mwangu ilikuwa inakuja picha ya dirisha la karne ya 17 katika ukuta wa karne ya 14. Sikuwahi kuona choo.

Na kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu peke yangu.

Ni kweli, mkataba umeacha mlango wazi kwa kusema "halali". Nani anasema bafu la matofali ya saruji ni mchango halali katika nyumba ya mawe? Nimelizungusha neno hilo usiku na mchana. Kila nikifika mwisho wake najikuta nauliza jambo jepesi zaidi: kama lile dirisha la karne ya 17 liliwekwa kwa sababu mtu alihitaji mwanga, na bafu likawekwa kwa sababu watu walihitaji kuoga, tofauti yao ni nini isipokuwa umri?

Umri, na uzuri. Sikatai. Lile dirisha ni zuri.

## Nyumba zilizoegemea ukuta

Kairo swali hili lilikuja kwa ukubwa wa kutisha.

Upande wa mashariki wa mji wa kale kulikuwa na vilima vya taka na vifusi vilivyorundikwa kwa takribani miaka 500. Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan ulipoanza kuvigeuza kuwa bustani ya hekta 30, ambayo leo ni Bustani ya Al-Azhar, wachimbaji walikutana na ukuta wa mji wa karne ya 12, wa enzi za Salahuddin, uliokuwa umezikwa. Takribani kilomita 1.5 za ukuta zikatokeza juu. Na nyuma yake, zikiwa zimeuegemea kama watoto mgongoni mwa mama, palikuwa na nyumba za mtaa wa Darb al-Ahmar.

Watu wa majengo ya kale wana mazoea yao katika hali kama hiyo. Ukuta ni wa Salahuddin, nyumba ni za watu wasiojulikana, basi nyumba ziondoke ili ukuta uonekane. Wakazi walilijua hilo, na hofu ya kuhamishwa ilikuwa imekaa kwao miaka mingi kabla ya bustani. Wenye mradi walichukua njia nyingine. Walisema nyumba zinazogusa ukuta ni sehemu ya historia ya ukuta, zibaki, zitengenezwe. Wakakopesha watu fedha kidogokidogo za kukarabati nyumba zao, na vijana wa mtaani wakafundishwa uashi na useremala kwenye ukuta uleule.

Bustani ilifunguliwa kwa watu mwaka 2005. Sidai kwamba Darb al-Ahmar iliokoka yote. Bustani nzuri hupandisha bei ya kila dirisha linaloitazama, na hakuna ibara ya mkataba wowote inayozuia hilo. Ila nikiziangalia picha za ule ukuta, na nyumba zikichungulia juu yake, naona kwamba uliweza kuhifadhiwa bila kuvuliwa nguo.

## Lakini choo kinaua ukuta

Haya, tusidanganyane. Bibi hakuwa na haki yote.

Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Unanyonya maji kidogo, unayatoa kidogo, na jua likiupata unakauka. Ukishajenga bafu lililobanana nao, maji ya kuogea yanashuka sakafuni kila siku, yanaingia kwenye mguu wa ukuta na kuanza kupanda. Yanapopanda yanabeba chumvi. Maji yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki, inatuna chini ya plasta, na plasta inabanduka vipandevipande kama ngozi iliyoungua. Mkazi anaona ukuta unamwagika. Anafanya anachoweza: ananunua mfuko wa saruji, anapiga plasta ngumu.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Saruji haipumui. Maji yaliyokuwa yakitokea kimo cha goti sasa yamezibiwa njia, yanapanda hadi kiunoni, hadi begani. Mwisho yanafika kwenye vichwa vya boriti za ghorofa ya juu, vilivyozama ndani ya ukuta ambako hakuna anayeviona. Vinaoza gizani. Plasta ya nje inang'aa, imepakwa rangi, na mwenye chumba anajisifu.

Kisha usiku mmoja wa mvua dari inashuka.

Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hawahitaji kuelezwa haya. Nyumba zao za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko zina ugonjwa huuhuu, na saruji imefanya huko kazi ileile ya daktari anayeua. Nyumba hizi uzee zinauweza. Maji ndiyo yanayoziangusha, na mara nyingi ni maji ya nyumbani, ya watu wanaozipenda.

Kwa hiyo niliporudi mezani niliutazama ule wino mwekundu nikajipa moyo. Unaona? Choo kiondolewe. Sababu ya urembo imekufa, sababu ya uhandisi ipo hai.

Halafu nikahesabu watu. Kaya 11, vyoo 2, na kimojawapo ndicho hiki.

Kwenye kazi yetu michoro ina rangi mbili: nyeusi kwa kinachobaki, nyekundu kwa kinachoondoka. Kumbe kile choo kinataka rangi ya tatu. Kinataka kusogezwa shibiri chache kutoka ukutani ili hewa ipite katikati, kiinuliwe juu ya sakafu ya zege yenye mteremko, bomba lake lipelekwe kwenye mtaro badala ya kumwagwa kwenye msingi. Ni kazi ya mafundi wawili kwa siku chache. Niliitafuta rangi hiyo kwenye orodha ya alama zetu sikuipata. Nilitumia penseli.

## Waliotolewa

Najua nini hufuata rangi ikiwa mbili tu.

Istanbul, mwaka 2005, ilipitishwa sheria namba 5366, iliyoandikwa kwa lugha ya kufufua na kulinda urithi uliochakaa. Kwa sheria hiyo mtaa wa Sulukule, uliokuwa makao ya Waroma (jamii ambayo wengine huiita Wajipsi, si watu wa mji wa Roma) chini ya kuta za kale za mji, ulibomolewa takribani wote kufikia mwaka 2009. Familia zilipewa nafasi ya kununua nyumba kwa mkopo Taşoluk, karibu kilomita 40 kutoka hapo. Wengi walishindwa malipo ya kila mwezi na nauli, wakarudi kupanga vyumba mitaa ya jirani na pale walipotoka. Mwaka 2012 mahakama ikaufuta mradi. Nyumba mpya zilikuwa zimeshasimama.

Salvador, Brazil, mtaa wa Pelourinho uliingia Urithi wa Dunia mwaka 1985. Kuanzia mwaka 1992 serikali ya jimbo iliutengeneza kwa kasi, kuta zikapakwa rangi za kuvutia, na wakazi wengi, maskini na weusi, wakapewa fidia ndogo waondoke. Ilichukua zaidi ya miaka 10, chama cha wakazi na waendesha mashtaka, hadi mwaka 2005 ulipopatikana mkataba wa familia 103 kubaki katika hatua ya saba ya ukarabati huo.

Familia 103. Nimeiandika namba hiyo kwenye daftari langu na kuipigia mstari, sijui kama ni kwa furaha au kwa aibu.

Ukizitazama picha za Pelourinho, ni pazuri. Macho yangu yanafurahi kabla sijayazuia.

## Walioganda mahali pao

Mfano unaonifariji ulizaliwa na maafa.

Katikati ya Mexico City watu maskini waliishi kwa vizazi katika vecindad: majumba ya kale yaliyogawanywa, au safu za vyumba zilizozunguka ua mmoja wenye maji na vyoo vya wote. Kodi za wengi wao zilikuwa zimegandishwa kwa amri ya serikali tangu miaka ya 1940. Wapangaji wakawa na makazi ya bei ndogo; wenye nyumba wakaacha kutengeneza hata tone la dari, wakisubiri jengo lianguke lenyewe.

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ardhi likapita.

Ungedhani huo ndio ulikuwa mwisho wao mjini. Viwanja vilikuwa vya thamani, majengo yameanguka au yamepasuka, na kila mtu mwenye mipango mikubwa alikuwa na kisingizio. Wakazi walilala barabarani mbele ya nyumba zao na kukataa kupelekwa mbali. Waliandamana. Mwezi uliofuata serikali ikatoa amri ya kutwaa maelfu ya viwanja katikati ya mji kutoka kwa wenye nyumba, na ikaundwa programu iliyoitwa Renovación Habitacional Popular.

Katika muda wa kama miaka miwili programu hiyo ilijenga na kukarabati takribani nyumba 48,000, karibu zote mahali palepale watu walipokuwa wakiishi. Wakati wa ujenzi walikaa kwenye mabanda ya muda, mengi yakiwa mitaa hiyohiyo, ili mtoto asiache shule wala baba asiache kazi. Nyumba mpya zilikuwa ndogo, karibu mita za mraba 40, lakini kila moja ilikuwa na choo chake na jiko lake. Nyingi zilizungushwa kwenye ua, kama zilivyokuwa. Majengo yaliyokuwa na thamani ya kihistoria yalikarabatiwa badala ya kubomolewa, na wapangaji wa vizazi wakawa wamiliki.

Jambo hilo la ua hunirudia mara kwa mara. Hakuna aliyewalazimisha wasanifu kuuchora tena. Ghorofa za kawaida zingekuwa rahisi zaidi. Waliuacha kwa sababu ndipo watu walipokuwa wanaishi hasa: wanafua, wanagombana, wanaangaliana watoto. Mtu wa majengo angesema wamehifadhi aina ya jengo. Sidhani waliokaa humo walisema hivyo.

Bologna, Italia, walikuwa wametangulia kulisema wazi mwaka 1973, chini ya mpango ulioongozwa na msanifu Pier Luigi Cervellati: fedha za makazi ya umma zitumike katika mitaa ya kale, na anayehifadhiwa awe mkazi pamoja na ukuta wake. Hata wao walipunguza makali njiani. Walitaka kutwaa nyumba, wakaishia kufanya mapatano na wenye nyumba: msaada wa ukarabati kwa kodi isiyopanda ovyo.

## Hesabu isiyofungika

Sasa nifike pale ninapokwama kweli.

Havana ya kale ina kitu kinachoitwa barbacoa. Vyumba vya majumba ya zamani vina dari ndefu mno, basi mkazi anaweka sakafu ya mbao katikati ya kimo na chumba kimoja kinakuwa viwili. Kijana anaoa, analala juu. Ni werevu wa hali ya juu, nao huongeza mzigo ambao kuta na boriti hazikupigiwa hesabu. Ofisi ya Mwanahistoria wa Mji, chini ya Eusebio Leal, iliruhusiwa mwaka 1993 kukusanya mapato ya utalii na kuyarudisha kwenye ukarabati, makazi yakiwemo. Hata kwa mpango huo, jengo likishatengenezwa kwa usalama halitoshi wote waliokuwamo. Wengine hurudi, wengine huhamia nje ya mji wa kale.

Nyumba yetu nayo ina sakafu za kati mbili kama hizo. Mhandisi alipiga hesabu: ziondolewe, njia ya ngazi ifunguliwe, kila kaya ipate dirisha. Nyumba salama inatosha kaya 8.

Kumi na moja kutoa nane.

Tukaita kikao uani. Nililieleza jambo hili kwa upole wote nilionao. Mtu mmoja akapendekeza watoke waliohamia mwisho. Mwingine akasema waanze wasiolipa kodi. Kukawa kimya kibaya, watu wakikwepa kutazamana. Kisha kijana mmoja aliyekaa ngazini, ambaye sakafu ya kati ndiyo chumba chake, akasema bila hasira:

"Andika wewe. Wewe ndiye uliyehesabu."

Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake niliitafuta ile 8 ilikotoka. Nilikuta inasimama juu ya jedwali la mita za mraba kwa mtu, ambalo lilitengenezwa kwa ajili ya nyumba mpya za viwanja vya wazi. Hakuna aliyeuliza kama linafaa nyumba yenye ua unaotumika kama sebule ya wote. Nikakuta pia kwamba chini kuna vyumba viwili vikubwa vilivyofungwa kufuli, ambavyo sikuvipima kwa sababu karatasi ya mwenye nyumba iliviandika "ghala". Amempangisha mtu wa bidhaa. Maboksi hulipa vizuri kuliko watu, tena hayalalamikii dari.

Nikahesabu upya, ghala zikiwamo na mzigo wa juu ukiwa umeondolewa kama mhandisi alivyotaka. Zikatosha kaya 10.

Bado moja. Sijui la kuifanya hiyo moja, na sitajifanya najua.

## "Tunaiweka katikati"

Kuna swali nililowauliza nikajuta. Niliuliza kwa nini, kwa miaka yote hiyo, hawakupaka hata chokaa ukuta wa mbele. Mama mmoja alinijibu huku akichambua mchele.

"Ikipendeza, kodi inapanda. Ikichakaa sana, wanasema ni hatari, tutoke. Sisi tunaiweka katikati."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu milki na usalama wa makazi. Hakuna ukurasa ulionieleza vizuri hivyo. Ule uchakavu tunaouona kama uzembe ulikuwa umepimwa kwa uangalifu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa.

Na ahadi haihitaji kuwa hati miliki ndiyo ifanye kazi. Ahmedabad, India, katika mradi wa mitaa duni ulioanza miaka ya 1990, manispaa haikugawa hati. Ilitoa ahadi ya miaka 10 ya kutowaondoa watu, na kila kaya ilichangia rupia 2,000 kwa ajili ya maji, mifereji na vyoo. Mitaa hiyo ilikuwa nje ya kuta za mji wa kale, lakini funzo linavuka ukuta bila shida: mtu akijua atakuwepo mwakani, anatengeneza leo.

Mwenye nyumba yetu naye ana hesabu yake. Sheria ya urithi inamkataza kubomoa. Haimkatazi kusubiri. Kila mvua inamfanyia kazi bure, na siku nyumba itakapoanguka atabaki na kiwanja kitupu katikati ya mji. Nilimkuta mtu mpole, mwenye madeni, ambaye kodi ya mwaka mzima haimnunulii boriti za chumba kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi.

## Kurudi uani

Juma lililopita nilirudi peke yangu, bila mhandisi, na karatasi mpya isiyo na rangi. Bibi alikuwa kwenye kigoda karibu na tangi. Nikamwambia nataka kujua kila kitu kilijengwa lini.

Alianza bila kufikiri. Tangi: mwaka ambao maji yalikatika miezi mitatu. Ukuta wa mbao wa ukumbini: ndugu wawili waliokuwa wakipika pamoja walipoacha kusemezana. Sakafu ya kati: mjukuu alipooa. Paa la bati juu ya ngazi: baada ya mtoto wa jirani kuteleza. Choo: mwaka alipozaliwa kitinda mimba wake, maana kabla ya hapo wanawake walisubiri giza waende nje. Nilimuuliza mwaka wenyewe, akakokotoa kwa vidole, nikauandika.

Nilipomaliza nilikuwa na mchoro wenye tarehe kila mahali, kuanzia ya tajiri hadi ya mjukuu. Nilikuwa sijawahi kuchora jengo namna hiyo.

Kile choo nilikichora kimesogea kutoka ukutani, juu ya sakafu yake ya zege, na mstari wa bomba ukielekea mtaroni. Nikamwonyesha. Safari hii nilijua anasoma.

Aliinamia karatasi muda mrefu, kisha akaweka kidole.

"Mlango umekosea."

"Umekosea vipi, bibi?"

"Umeuchora unafunguka ndani. Mtu ataingiaje na ndoo?"

Nikatoa kifutio.